Ndugu wa Tumbo Moja: Tarehe ya Injini ya Gari Katika Vyombo vya Mbao

Mtu aonapo injini iliyokuwa ikiendesha gari barabarani imefungwa ndani ya chombo cha mbao, juu ya mataruma yaliyochongwa kwa tezo na kati ya mbao zilizokalafatiwa kwa pamba na mafuta ya sifa, aghalabu hudhani kwamba ameona ndoa isiyo na kufu, kwani chuma cha kiwandani na mti wa seremala huonekana kuwa watu wa kabila mbalimbali, waliokutanishwa na uhitaji wa mwenye chombo wala si kwa nasaba. Dhana hiyo ina wafuasi wengi, na mimi mwenyewe niliishika kwa muda mrefu. Lakini tarehe ya sanaa hii yaikanusha. Nataka kuonyesha hapa kwamba gari na mashua ya mota ni ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa katika karakana moja na mwaka mmoja, wakatenganishwa na riziki, kisha wakakutana tena katika mikono ya mafundi. Na kwamba mwenye kuwakutanisha hatendi kosa lolote, ila ana wajibu wa kujua ni tabia gani kila mmoja aliishika alipokuwa mbali na nduguye.

Asili ya habari hii iko Cannstatt, kando ya mto Neckar katika nchi ya Ujerumani, ambao zama zile ulikuwa mji wa peke yake karibu na Stuttgart. Huko, mwaka 1882, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach waligeuza banda la vioo lililokuwa bustanini kuwa karakana, wakatafuta injini ndogo, nyepesi na yenye kuzunguka kwa kasi, kwa kuwa injini za gesi za zama zile zilikuwa nzito na za taratibu, hazifai ila kusimama mahali pamoja kiwandani. Mwaka 1885 walilipata walilolitafuta: injini ya silinda moja iliyosimama wima, ambayo kwa sababu ya umbo lake watu waliifananisha na saa kubwa ya kusimama sebuleni. Walianza kwa kuitia katika chombo cha mbao cha magurudumu mawili. Na mwaka 1886, mwaka ule ule walioitia katika gari la magurudumu manne lililotengenezwa kwa ajili ya farasi, waliifunga katika mashua yenye urefu wa mita 4.5, wakaipa jina la mto wenyewe, Neckar, nayo ikakata maji kwa mwendo wa noti 6. Injini ile, kama ilivyotiwa katika gari, ilikuwa na ujazo usiofika nusu lita na nguvu za farasi mmoja na ushei. Kwa hesabu za leo ni kitu cha kuchezea watoto, lakini ndani yake zilikuwamo barabara zote na bandari zote zilizokuja baadaye.

La ajabu ni kwamba kati ya ndugu hao wawili, aliyepata wanunuzi mapema si gari bali ni mashua, na kwa miaka kadhaa injini za mashua ndizo zilizokuwa biashara kubwa ya Daimler. Sababu zake hazikufichika. Barabara za siku zile zilikuwa za mawe na matope, zikiwatikisa watu wa gari na kuivunja mitambo yao, hali maji ni njia ambayo Mwenyezi Mungu ameisawazisha bila ya mtu kutozwa kodi ya kuitengeneza. Pingamizi lilikuwa moja tu, nalo ni hofu, kwa kuwa watu walichelea kukaa ndani ya mashua pamoja na petroli inayoweza kulipuka. Na inasimuliwa kwamba Daimler aliufunika mtambo wake ili usionekane, akawaambia abiria kuwa ni mtambo wa mafuta na umeme. Hata Bismarck, waziri mkuu wa dola ya Ujerumani, alipata mashua yenye injini ya Daimler. Huko Marekani, William Steinway, mwenye viwanda vya piano mjini New York, alikubaliana na Daimler mwaka 1888 kuziunda injini zake, nazo zikatumika katika mashua. Na huko Uingereza, Frederick Simms aliyeanzisha shirika la Daimler mwaka 1893 hakuanza kwa kuuza magari, bali alifanya kazi ya kutia mota katika mashua za mto Thames, karakana yake ikiwa chini ya tao la daraja la reli huko Putney. Kwa hiyo yule anayesema leo kwamba injini ya gari ni mgeni majini amekosea nasaba, kwa sababu ilikuwa majini tangu utoto wake.

Karne ya 20 ilipoingia, ndugu hawa walitengana. Injini ya bahari ilikua ikawa nzito, ya taratibu, yenye chuma kinene na maisha marefu, ikiundwa moja moja kwa bei ambayo mvuvi hakuiweza. Na injini ya gari ilikua ikawa nyepesi, ya haraka, ikitoka viwandani kwa maelfu na kisha kwa mamilioni. Tangu mwaka 1908 hata mwaka 1927 Henry Ford aliunda magari ya Modeli T yapatayo milioni 15, kila moja likiwa na injini ya silinda nne, ujazo wa lita 2.9 na nguvu za farasi 20; na hata baada ya gari lenyewe kukoma, injini hiyo iliendelea kuundwa mpaka mwaka 1941, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kupata kazi nyingi zisizohusu barabara. Wingi huo ndio uliofungua mlango. Gari lilipoharibika bodi au kuoza chini, injini yake ilibaki nzima, ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Na mvuvi wa pwani ya Maine au wa Maziwa Makuu ya Marekani, ambaye maisha yake yote alikuwa akipiga kasia au kungoja upepo, aliona kwamba kwa ujira wa siku chache angeweza kupata nguvu za farasi 20 zilizolala uani kwa jirani yake.

Wala hijra hii haikuwa ya upande mmoja. Katika mji wa Skövde, nchi ya Sweden, palikuwa na kiwanda kilichoitwa Penta, kilichounda injini za mashua tangu mwaka 1907. Na kampuni ya Volvo ilipotoa gari lake la kwanza mwaka 1927, injini iliyolisukuma gari hilo ilitoka kwa watu wale wale wa Penta, na baadaye Volvo ikakinunua kiwanda chenyewe. Huo ni ushahidi wa pili wa undugu nilioutaja, maana safari hii aliyemsaidia mwenzake ni mwana wa maji.

Lakini undugu hauondoi tafauti ya malezi, na hapa ndipo ilipo hikima yote ya sanaa hii. Injini iliyolelewa barabarani imezoea mambo ambayo baharini haitayapata, na bahari nayo ina masharti ambayo barabara haikuyajua. Mafundi waliyajifunza masharti hayo kwa hasara, mtambo mmoja baada ya mwingine, na ni haki yao yaandikwe.

Sharti la kwanza ni maji ya kupoza. Gari hupozwa na upepo unaopita katika rejeta, na kadiri liendavyo mbio ndivyo upepo uzidivyo. Ndani ya chombo upepo huo haupo, kwani injini imefunikwa chini ya sitaha, lakini maji yamekizunguka chombo kila upande. Wazee wa kazi waliitupa rejeta, wakatia pampu ya kuvuta maji ya nje na kuyapitisha moja kwa moja katika matumbo ya injini. Katika mito na maziwa njia hiyo ilifaa. Katika bahari chumvi ilikila chuma cha subu kwa ndani, ikaziba njia zake kwa gamba, na injini ikafa kwa maradhi yasiyoonekana kwa nje. Ndipo ikaja tadbiri iliyo bora zaidi, ya kuyafungia maji matamu ndani ya injini yazunguke daima, na kuyapoza kwa kuyapitisha ama katika mtungi wenye mirija ya shaba ambamo maji ya bahari hupita upande wa pili, ama katika bomba lililolazwa nje ya chombo kando ya mkuku. Kwa njia hiyo bahari huupokea moto wa injini pasipo kuigusa injini yenyewe, na vipande vya zinki hufungwa katika mtungi na karibu na rafadha ili kutu na mmomonyoko viile zinki, ambayo ni rahisi kubadilishwa, viache shaba na chuma.

Sharti la pili ni moshi. Ekzosi ya gari huning'inia hewani chini ya sakafu, ikipoa kwa upepo. Lakini bomba hilo hilo likipita ndani ya chombo, jirani na mbao kavu zilizopakwa mafuta miaka 40, ni kijinga cha moto kilichowekwa ghalani. Kwa hiyo bomba linalotoka katika silinda hufanywa la kuta mbili lenye maji kati yake, kisha maji yaliyokwisha kupoza injini humwagwa katika moshi wenyewe, yakatoka pamoja nao nyuma ya tezi. Fundi hujihadhari kuliinua bomba lipande kwanza kabla ya kushuka, ili wimbi la nyuma lisirudi ndani ya silinda, kwani maji hayakubali kubanwa kama hewa, na pistoni ikikutana nayo, vyuma hupinda.

Sharti la tatu ni mzigo. Gari likishika mwendo katika barabara iliyo tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na injini hupumzika kila mteremko. Chombo hakina mteremko, maji yanakisukuma nyuma tangu kinapong'oa nanga mpaka kinapofunga gati, na ndiyo maana mafundi husema kwamba injini ya chombo hupanda mlima usiokwisha. Gia nyingi za gari hazina kazi huko. Zatakiwa tatu tu, ya mbele, ya nyuma na ya kusimama, pamoja na meno ya kupunguza mizunguko, kwa kuwa rafadha kubwa inayozunguka taratibu husukuma maji, na ndogo inayozunguka mno huyapiga povu. Fauka ya hayo, rafadha inapokisukuma chombo mbele huusukuma pia mhimili wake, ambao wengi huuita shafti, dhidi ya injini, na giaboksi ya gari haikuumbwa kuubeba msukumo huo. Pasipo beringi maalumu ya kuupokea, giaboksi husagika.

Sharti la nne ni mafuta ya kulainisha. Mhimili huteremka kuelekea tezi, na injini huinama pamoja nao, mgongo wake ukiwa chini na kichwa kikiwa juu. Katika injini ya Modeli T, ambayo mafuta yake hurushwa na gurudumu la nyuma na kurejeshwa mbele kwa bomba dogo, silinda ya mbele ilijulikana kukaukiwa gari linapopanda mlima mkali. Basi na fikira hiyo ipelekwe katika chombo, ambamo mlima ni wa mchana kutwa. Aliyejua aliilaza injini karibu na usawa, au aliongeza bomba la pili la mafuta. Asiyejua alizika beringi zake.

Sharti la tano ni moto, nalo ndilo lililomtia hofu abiria wa Cannstatt. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Barabarani humwagika chini ukapeperushwa, bali katika chombo hushuka ngamani ukatuama kama maji, ukingoja cheche moja. Kwa ajili hiyo kabureta huvalishwa wavu wa chuma wa kuzuia ndimi za moto, vyombo vya umeme hufungwa visitoe cheche nje, na ngama hupulizwa kwa feni kabla ya injini kuwashwa. Dizeli, ambayo haitoi mvuke wa hatari namna hiyo, iliondoa sehemu kubwa ya baa hili, na ndiyo moja katika sababu za kupendwa kwake na watu wa kazi.

Vita vya Pili vya Dunia viliifanya sanaa hii ya uani kuwa kazi ya dola. Mwaka 1938 kampuni ya General Motors ilitoa injini ya dizeli iliyoitwa 71, kwa kuwa kila silinda yake ilikuwa na ujazo wa inchi za mchemraba 71, nayo iliendesha malori na mabasi. Kampuni ya Gray Marine ya Detroit iliichukua ile ya silinda sita, ikaivika mavazi ya bahari kwa masharti haya haya niliyoyataja, ikapata nguvu za farasi 225. Na injini hiyo ikatiwa katika mashua za kushushia askari zilizobuniwa na Andrew Higgins wa New Orleans, ambazo sehemu kubwa ya miili yao ilikuwa plaiwudi, na kila moja ilichukua watu 36. Ziliundwa zaidi ya 20,000. Asubuhi ya tarehe 6 Juni 1944, askari waliposhuka katika fukwe za Normandy, wengi wao walifikishwa ufukweni na injini ya basi ndani ya mashua ya mbao.

Baada ya vita ukaja wakati wa fahari. Katika mji wa Sarnico, kando ya ziwa Iseo nchini Italia, Carlo Riva aliunda mashua za mkangazi zilizong'arishwa kama kioo, na mwaka 1962 akatoa ile iliyoitwa Aquarama, ikiendeshwa na jozi ya injini za V8 za Kimarekani. Ferruccio Lamborghini, aliyekuwa akiunda magari ya kasi, alijiagizia Aquarama yake mwaka 1968, akataka ndani yake zitiwe injini mbili za gari lake mwenyewe, kila moja ya silinda 12 na ujazo wa lita 4, na chombo kikafikia noti 48. Miaka ilipita, chombo kikabadili mikono, injini zile zikaondolewa na nyingine zikatiwa, kikaishia kulala chini ya turubai. Na mafundi wa Uholanzi walipokichukua, walifanya kazi ya miaka mitatu, wakautengeneza mti, kisha wakatafuta injini za jinsi ile ile ya kwanza na kuzigeuza upya kwa ajili ya maji, mpaka mwaka 2013 kikateremshwa tena kama kilivyokuwa. Mafundi hao hawakutia injini ya kisasa, ijapokuwa ingekuwa nafuu. Kwani katika chombo hiki injini ya gari ndiyo asili, na kuikosa ni kuikosa nusu ya tarehe yake.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake katika habari hii. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda bumu la Wakuwait mwishoni mwa mwaka 1938 akaja nalo kwa upepo wa kaskazi mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji, ambako walipakia boriti, kwa kuwa aliamini kwamba anaishuhudia biashara ya tanga katika siku zake za jioni. Hakukosea sana, kwani baada ya vita mota ziliingia katika vyombo vya Ghuba, na leo majahazi mengi ya pwani hii huenda kwa dizeli, tanga likiwa msaidizi. Lakini mafundi wa vyombo hawakuipokea injini mikono mitupu. Walijua tangu zamani kwamba mti ni kitu hai: chombo kilichokaa nchi kavu hukauka na kufunguka mishono, kikirudi majini hunywa maji, huvimba na kubadili umbo. Ndiyo sababu mhimili wa rafadha ulionyoshwa sawa sawa na injini chombo kikiwa juu ya magogo haubaki sawa baada ya kuteremshwa, na fundi mwenye insafu hungoja siku kadhaa mbao zinywe, kisha hupima upya kwa vibati vyembamba kama karatasi, mpaka nyuso mbili za maungio zikutane pande zote. Na pale mhimili unapotoboa fashini kwenda nje, hupita katika kikombe cha shaba kilichoshindiliwa kamba iliyolowa mafuta, ikazwe kiasi cha kuzuia bahari na iachwe kiasi cha kudondosha tone moja moja inapozunguka. Anayejua kukalafati hahitaji kufundishwa jambo hilo mara mbili, kwani kikombe kile ni kalafati iliyotengenezewa mhimili unaozunguka.

Nimefika sasa katika hukumu ambayo kwayo nimeandika. Wako wasemao kwamba chombo cha kale kikifufuliwa kirudishiwe injini ile ile ya siku zake au kiachwe bila injini, na wako wasemao kwamba mwenye chombo ana uhuru wa kutia chochote kiendacho. Mimi naona haki iko kati yao. Chombo kilichoanza maisha yake na injini ya gari kirudishiwe injini ya gari, kwa kuwa hiyo ndiyo nasaba yake; na chombo kilichozaliwa na tanga au na mtambo mwingine kinaweza kupokea injini ya gari bila ya aibu, madhali mti haukatwi kwa ajili ya chuma. Vitanda vya injini vifanywe virefu, vilazwe juu ya mataruma mengi ili uzito ugawanyike, wala taruma lisikatwe kupisha sampu; kila lililotiwa liwe la kuweza kutolewa; injini ya zamani ikifunguliwa ihifadhiwe, wala isiuzwe kwa ratili; na kila badiliko liandikwe, lenye tarehe na kipimo, liwekwe pamoja na hati za chombo, maana atakayekirithi baada ya miaka 50 hatakuwa na mtu wa kumwuliza.

Nawausia hivyo hasa vijana wa gereji, walio na ujuzi wa injini na hawajapata kuushika mti, na vijana wa waunda vyombo, walio na ujuzi wa mti na wanaiogopa injini. Kaeni pamoja. Kila mmoja ana nusu ya elimu, na nusu mbili hizo zilikuwa kitu kimoja katika banda la vioo la Cannstatt mwaka 1886, ambako watu wawili waliunda injini moja, wakaipeleka barabarani na mtoni katika mwaka mmoja, wala hawakuona kwamba ilikuwa lazima wachague.